Tunauza dawa ya sonona kila siku, wenye sonona hawaipati

Nilikaa nyuma ya kaunta ya famasi moja ya uswahilini, Dar, miaka kama mitatu hivi, kabla sijaacha nikaanza kuhangaika na kuandika, na kama kuna kitu nilitoka nacho pale zaidi ya kujua kusoma mwandiko wa madaktari ni hiki: dawa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito ambao Wazungu wanauita depression, inatoka sana, ila wenye sonona ndo hawaipati. Najua inasikika kama kitendawili, ngoja niende taratibu.

Kulikuwa na mama mmoja ana genge, nyanya, vitunguu, dagaa, mambo hayo. Kila baada ya wiki mbili tatu anapita jioni akishafunga, anaegemea kaunta, "mwanangu nipe vile vya usiku". Vile vya usiku ni amitriptilini ya miligramu 25, namkatia vidonge kumi, analipa, anaaga. Nilipoanza kazi nilimkuta ananunua na nilipoondoka nilimwacha ananunua. Stori yake nilikuja kuijua baadae sana, kwamba alienda zahanati akalalamika halali, kichwa kizito, moyo unamwenda mbio, wakampima malaria hamna, wakampima presha iko juu kidogo, akaandikiwa hiyo, na kwenye bahasha pameandikwa 1x1 usiku, basi. Hakuna aliyemwambia dawa ni ya nini. Kwahiyo kwake ile ni dawa ya usingizi, siku akiuza vizuri hanywi, siku mwenye nyumba akigonga mlango anakunywa viwili.

Sasa amitriptilini kwa kuzaliwa kwake ni dawa ya sonona. Iliingia sokoni Marekani mwaka 1961 kwa kazi hiyo, na mpaka leo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO ipo upande wa sonona pamoja na fluoksetini, ile ambayo wenzetu wanaijua kwa jina la Prozac. Na msidhani ni dawa ya kimaskini inayofanya kazi nusunusu. Mwaka 2018 Andrea Cipriani wa Oxford na wenzake walichapisha kwenye jarida la Lancet uchambuzi wa dawa 21 za sonona, majaribio 522, wagonjwa 116,477, dawa zote 21 zilishinda kidonge kitupu kisicho na dawa, na iliyoongoza kwa nguvu ya kutibu ilikuwa hiyo hiyo amitriptilini, kizee cha watu, vijana wote wa kisasa wamekaa nyuma yake. Kasoro yake ni kwamba watu wengi wanashindwa kuivumilia, hilo nitalirudia.

Lakini ndo hivyo, dozi. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2016 kwa vituo ambavyo havina daktari bingwa wa akili unasema mtu mzima anaanzishiwa miligramu 25 wakati wa kulala, anapandishwa kidogo kidogo kila wiki mpaka 100 au 150 (wazee wanaishia chini zaidi). Hiyo 25 peke yake inasaidia vitu vingine, usingizi, maumivu ya mishipa ya fahamu, kipandauso, miguu kuwaka moto kwa wenye kisukari. Kuna kipindi pia ilitoka sana kwa watu waliokuwa kwenye dawa za ukimwi enzi za stavudini, kabla WHO haijashauri iondolewe, maana ile stavudini ilikuwa inaua mishipa ya fahamu ya miguuni, mtu anatembea kama anakanyaga misumari. Kwahiyo mtaani imebaki na majina mawili, dawa ya usingizi na dawa ya ganzi. Mteja akisema nataka dawa ya sonona, kwa miaka mitatu yangu pale, nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vingine vinabaki.

Yule mama basi alikuwa anakunywa dawa yenye jina sahihi, kwa kipimo kisichofika, kwa siku anazopanga mwenyewe, kwa ugonjwa ambao hakuna aliyemwambia kama anao au hana. Na kwenye daftari letu la mauzo ni mtumiaji wa dawa ya sonona, tena mteja mzuri.

Nalisisitiza hili la daftari kwa sababu mabishano yote ya hizi dawa duniani huwa yanaanzia kwenye kuhesabu. Kila mwaka inakuja habari kutoka nje kwamba Wazungu wanakula dawa za sonona kama karanga, na watu huku wanazisambaza na kuweka vicheko. England peke yake kwa mwaka mmoja watu zaidi ya milioni 8 wanaandikiwa dawa za kundi hili. Marekani, takwimu za CDC, taasisi ya afya ya serikali yao, za 2015 mpaka 2018, watu wazima 13.2 kwa kila 100 walikuwa wametumia dawa ya sonona ndani ya siku 30 zilizopita, wanawake 17.7 na wanaume 8.4. Ni wengi, sikatai. Ila kwenye zile namba za England mle ndani wamo pia watu wa maumivu ya mgongo na kipandauso wanaokunywa amitriptilini yao ndogo ya usiku, maana mfumo unahesabu dawa iliyotoka, hauhesabu ugonjwa ulioipeleka. Akina mama genge wa kwao nao wamehesabiwa.

Na upande wa pili wa hesabu ndo unaoumiza zaidi. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika nchi sita za Ulaya, Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Uholanzi na Uhispania, matokeo yakatoka 2004, waliwahoji watu zaidi ya elfu 21 majumbani kwao, sio hospitali, watu wa kawaida tu. Waliotumia dawa yoyote ya akili ndani ya mwaka walikuwa asilimia 12.3. Halafu wakawaangalia wale waliokutwa na sonona yenyewe bila ugonjwa mwingine, na kati yao waliopata dawa ya sonona ndani ya mwaka ule ni asilimia 21.2 tu. Mmoja kati ya watano, Ulaya hiyo, yenye bima na madaktari wa familia! Na asilimia 18.4 walipewa za kutuliza wasiwasi peke yake, yaani familia ya Valium. Kwahiyo mtu ana sonona, anaenda kulalamika halali na ana hofu, anapewa cha kumtuliza, anarudi nyumbani katulia na sonona yake. Niliposoma hilo nikacheka peke yangu, kumbe hata wao.

Hapa nisimame kidogo kwenye hizi za kutuliza maana huku kwetu ndo balaa lenyewe. Diazepamu ilianza kuuzwa na kampuni ya Roche mwaka 1963 kwa jina la Valium, ni dawa nzuri kwa kazi yake, degedege, mtu anayetetemeka kwa kuacha pombe ghafla, hofu kali ya siku chache. Ni dawa ya siku chache. Ukiizoea wiki nyingi mwili unaidai, usingizi hauji bila yenyewe, ukiacha ghafla unatetemeka na hofu inarudi mara mbili, na wengine wanapata degedege kabisa. Na haitibu sonona hata kidogo, inakuzimia taa tu usione uchafu wa chumba. Kisheria haitakiwi kutoka bila cheti cha daktari. Mtaani sasa, mteja anakwambia "we nipe tu, nshazoea", ukimkatalia anavuka barabara, na huko ng'ambo ya barabara watampa. Bosi anaona umepoteza mteja. Pwani ya Kenya ndugu yake mmoja, ile wanayoiita bugizi, yaani Rohypnol, ameshaharibu vijana wa kutosha, hata sina haja ya kueleza.

Turudi kwa amitriptilini na kwanini hata aliyepewa kwa kusudi la sonona haimfikishi. Tatizo la hizi dawa ni mpangilio wake wa kikatili, karaha inakuja kwanza na nafuu inakuja mwisho. Siku ya pili tu mdomo umekauka kama umekula udongo, choo kigumu, asubuhi kichwa kimejaa pamba, ukisimama ghafla kizunguzungu. Nafuu ya moyo yenyewe inaanza kuonekana wiki ya pili, ya tatu, wengine ya nne. Na ukishapata nafuu hutakiwi kuacha, ule mwongozo wa WHO wa 2016 unataja miezi 9 mpaka 12 baada ya dalili kuisha, ndo unapunguza taratibu. Sasa sisi ni watu tuliofundwa na dawa mseto. Siku tatu, dozi sita, umepona, unarudi kazini. Hata antibayotiki za siku saba mtu anaacha siku ya nne akisikia kikohozi kimepungua. Mtu wa namna hiyo unampa kidonge kinachomtesa wiki mbili kwanza, hujamwambia chochote, bahasha imeandikwa 1x1, unategemea nini? Siku ya nne kaacha, na mtaani anatangaza dawa zile ni mbaya, zinazubaisha, zinataka kumfanya chizi.

Fluoksetini ingesaidia kwenye hilo, haizubaishi hivyo, inanywewa asubuhi, unaanza na ndogo wiki moja halafu 20, na mtu akikosea akazidisha si hatari kama amitriptilini, ambayo ikizidi inaenda moja kwa moja kwenye moyo. Hili la kuzidisha nalisema kwa uzito wake. Mtu mwenye sonona kali, ambaye pengine ana mawazo ya kujidhuru, hatakiwi kukabidhiwa dawa ya mwezi mzima mkononi, anapewa ya siku chache na ndugu anamtunzia. Hiyo ipo kwenye miongozo. Kwenye kaunta yetu ilikuwa ni hela yako tu. Hata fluoksetini nayo ina yake, kwa vijana chini ya miaka 25 Marekani waliweka onyo zito kwenye boksi, 2004 kwa watoto na 2007 wakapandisha mpaka vijana, kwamba wiki za mwanzo waangaliwe kwa karibu kwa sababu mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Na kuna wale ambao sonona yao ni nusu tu ya hadithi, ana vipindi vingine halali siku tatu na hachoki, anaongea kama redio, anagawa hela, huyo ukimpa dawa ya sonona peke yake unaweza kumrusha juu ya paa. Swali moja tu lingemgundua. Umewahi kuwa na siku una nguvu kupita kawaida mpaka watu wakashangaa? Sijawahi kuona cheti kilichoonyesha mtu aliulizwa hivyo.

Nijibu na wale wa upande mwingine, wasioziamini hizi dawa, maana nawajua wataniandikia. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff wa London na wenzake walitoa uchambuzi wao kwamba hakuna ushahidi wa maana kuwa sonona inasababishwa na upungufu wa serotonini, kemikali ya ubongo, kichwani. Ikawa moto, kwenye magrupu huku ikafika imeshageuka kuwa "wanasayansi wamekiri dawa za sonona ni uongo". Jamani, hayo ni maswali mawili tofauti. Kwamba ile stori ya serotonini ilikuwa nyepesi mno, stori ya matangazo zaidi ya maabara, mi nakubali, na waliouza vidonge kwa stori hiyo wamevuna walichopanda. Lakini mafuta ya karafuu yanatuliza jino tangu enzi za mababu na hakuna aliyewahi kuzaliwa na upungufu wa karafuu. Hizi dawa zenyewe ziligunduliwa kwa kubahatisha, ya kwanza kwanza iproniazidi ilikuwa ni dawa ya kifua kikuu, 1952 hospitali ya Sea View kule Staten Island, New York, wagonjwa wa TB wakaanza kuchangamka na kula na kucheka wodini kuliko mapafu yao yalivyoruhusu, ndo madaktari wakashtuka. Miaka michache baadae Roland Kuhn wa Uswisi alikuwa anajaribu imipramini kwa ugonjwa mwingine kabisa, haikufanya kitu, ila waliokuwa na sonona wakaamka. Hakuna aliyekuwa na habari za serotonini.

Wenye hoja ngumu zaidi ni watafiti akina Irving Kirsch, ambao 2008 walionyesha kwamba ukipima wastani, tofauti ya dawa na kidonge kitupu ni ndogo, inakuja kuonekana vizuri kwa wale wenye sonona kali sana. Hiyo naichukua kwa mikono miwili, tena inanipeleka ninapotaka kwenda. Maana kama dawa inamsaidia zaidi yule mwenye hali nzito, asiyeoga, asiyekula, aliyegeukia ukuta, basi huyo haji kaunta! Anayekuja kaunta ni anayetembea. Vidonge vinaishia kwa anayeweza kutembea mpaka famasi na kusema nipe vya usiku, na yule aliyelala ndani wanasema mvivu, ana nuksi, kachezewa, mpelekeni akasomewe.

Na kwenye kusomewa siwezi kuwakejeli watu. Nilimsindikiza shangazi yangu mara moja, shehe alikaa naye zaidi ya saa nzima, akamuuliza mume, watoto, ndoto, anakula nini, analala saa ngapi, nani aliyekufa. Nimewahi pia kukaa kwenye maombi ya Jumatano mahali, mchungaji anamshika mtu mkono analia naye. Zahanati mtu huyo huyo anapata dakika tatu na mrija wa damu. Sasa unamlaumu vipi?

Neno lenyewe nalo lina kazi. Wataalamu wetu wameshika sonona, neno zuri, linatoka kwenye kusononeka na kila mtu anajua kusononeka ni nini, ila hamna mtu anafika dirishani akasema nina sonona. Anasema nawaza sana. Kichwa kinawaka. Mwili umekufa ganzi, nasikia kitu kinatembea kichwani, moyo unanipasuka paa, sina hamu. Mtoa huduma akisikia kichwa anaandika panadol, akisikia moyo anatafuta mashine ya presha, akisikia mwili hauna nguvu anaandika vitamini na zile dripu. Kila kiungo kimepata dawa yake, mwenye viungo kasahaulika.

Uganda waliligundua hili mapema. Masaka na Rakai, yaani ukitokea Bukoba ukivuka Mutukula ndo huko, eneo lile lile ambalo ukimwi ulilikung'uta pamoja na Kagera yetu. Watafiti wakiongozwa na Paul Bolton hawakwenda na neno la kwao, waliwauliza watu wenyewe mnaitaje hali hii, wakapewa maneno mawili ya Kiganda, yo'kwekyawa, mtu kujichukia, na okwekubazida, mtu kujionea huruma. Dawa waliona hazitawezekana kwa gharama na upatikanaji, wakaweka vikundi, wanawake peke yao wanaume peke yao, mara moja kwa wiki, wiki 16, kiongozi ni mtu wa hapo hapo aliyefundishwa wiki mbili tu. Vijiji 30. Matokeo yalitoka 2003, mwisho wa zile wiki kwenye vijiji vya vikundi waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5, kwenye vijiji ambavyo havikupata vikundi 54.7. Namba ya namna hiyo ukiiona kwenye dawa yoyote kampuni ingeshajenga ghorofa.

Zimbabwe nao wana neno lao, kufungisisa, Kishona, maana yake kuwaza kupita kiasi, na sikio lako la Kiswahili linalisikia bila mkalimani maana hata sisi tunasema nawaza sana. Daktari Dixon Chibanda alipoteza mgonjwa wake aliyejiua, familia ilikosa nauli ya kumrudisha hospitali, na mwaka 2006 akaanza na bibi kumi na wanne Mbare, Harare, wakaweka benchi nje ya kliniki, bibi anakaa na mtu anamsikiliza, wanachagua tatizo moja la kuanza nalo. Jaribio lao lililotoka 2016 lilikuwa na watu 573, baada ya miezi sita waliokuwa bado na dalili za sonona upande wa benchi walikuwa kama 14 kwa mia, upande mwingine 50. Na hawakatai dawa, anayeonekana hali yake ni nzito anapelekwa kwa wataalamu. Wazo lenyewe lilishafika mpaka Zanzibar.

Kuna mtu atasema hayo ni mambo ya umaskini, lipa watu deni watapona. Kuna ukweli. Mtu aliyebanwa na mkopo wa kausha damu, kila siku anafuatwa na vijana wa pikipiki, kidonge hakimlipii marejesho. Ila nimeona pia kinyume chake, mtu ana genge zuri, wateja wapo, na hawezi kunyanyuka kitandani kwenda kufungua, nyanya zinaoza, deni ndo linazaliwa hapo. Ukimwambia huyo apambane na maisha unaongea na mtu aliyevunjika mguu kuhusu mbio.

Halafu majengo yetu nayo yamegeuka matusi. Mirembe ya Dodoma ipo tangu 1927, Mathari ya Nairobi tangu 1910, ni hospitali zimehangaika na watu vizazi na vizazi, na sisi malipo yetu kwao ni kwamba ukitaka kumtukana mtu unamwambia katoka Milembe. Nani ataingia kliniki yenye harufu ya jina hilo? Ongeza na sheria, kanuni ya adhabu Tanzania kifungu cha 217 mpaka leo kinasema aliyejaribu kujiua ametenda kosa. Kenya walikuwa na chao, 226, Mahakama Kuu ikakitupa Januari 2025. Kwahiyo huku mtu mwenye wazo hilo, anayelihitaji sikio kuliko wote, ana sababu ya kisheria ya kufunga mdomo akiulizwa na mtu mwenye koti jeupe.

Mi sidhani suala letu ni kuongeza vidonge au kupunguza, tunahitaji vyote viwili kwa watu tofauti, diazepamu ipungue sana na dawa za sonona kwa dozi yake ziende kwa waliolala ndani, na kati ya hao wote kuwe na mtu aliyelipwa kukaa na kuuliza. Hata kabla ya huyo mtu kupatikana kuna kitu cha bure kabisa, andika kwenye bahasha dawa hii ni ya nini na itaanza kusaidia lini. Maneno saba. Dawa ya huzuni, nafuu wiki ya tatu. Kalamu ile ile inayoandika 1x1.

Mwaka wangu wa mwisho pale niliweka kiti cha plastiki pembeni ya kaunta, karibu na mzani. Nilikuwa nimesoma kwamba maswali mawili yanatosha kuanzia, wiki mbili hizi umekosa hamu ya vitu, wiki mbili hizi umekuwa na huzuni au kukata tamaa. Mama wa genge alipokuja kuchukua vya usiku nikamwambia mama kaa kidogo, nikamuuliza. Akanyamaza, akaangalia barabarani, halafu akaniambia tangu azike mwanae wa pili, mwaka wa tatu huo, chakula anakipika ila hakijui ladha, kikoba aliacha, kanisani anaenda ili watu wasimuulize. Alisema yote hayo bila kulia, kama anasoma bei. Nyuma yake foleni ilikuwa imeshaanza kunung'unika, kuna dada alitaka panadol tu. Nikamwandikia karatasi ya kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali moja si mbali. Alienda. Alifika, akaona kibao, akaona jirani yake kakaa kwenye benchi la dirisha la pili, akageuka na daladala ile ile. Wiki iliyofuata alikuja kama kawaida, na mi nikamkatia kumi, ningefanyaje, nikamweleza dawa yake ni ya nini na jinsi ya kuinywa na nikamwambia arudi tuongee, akasema sawa mwanangu.

Akarudi mara mbili hivi kukaa. Halafu bosi akasema kile kiti kinajaza watu wasionunua, akakiondoa, pale akaweka friji la soda. Soda zinatoka, siwezi kukataa.